Cessna 310R au 340A? Kisa cha mnunuzi mmoja wa Wilson

Ndege zilizokuwa mezani ni mbili. Ya kwanza Cessna 310R: injini mbili za petroli, viti sita, kabini ya kawaida isiyo na presha, bei ya kutamanisha. Ya pili Cessna 340A: injini mbili, viti sita vilevile, ila kabini yake inajazwa hewa ikiwa juu, na bei yake imepanda kwa sababu hiyo. Mnunuzi alitaka kwangu jibu la swali moja tu, kama hiyo presha inastahili pesa zote alizoongezewa.

Kwao ni Malindi, ghala na ofisi ziko Nairobi, na ndege ingekaa Uwanja wa Ndege wa Wilson, hukohuko Nairobi. Safari zake ni za aina tatu. Kuna Malindi, mara kwa mara, pengine na familia. Kuna Kigali kwa biashara, yeye na mtu mmoja au wawili. Halafu Maasai Mara, anapokuwa na wageni. Mama yake mzazi, bibi aliyevuka miaka sabini, anaishi Malindi, ana ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, na huja Nairobi kliniki. Bwana huyu alilitaja jambo la mama mwishoni kabisa, akiwa ameshasimama kuondoka. Mimi nikaliandika juu ya karatasi kuliko mengine yote.

Nilimwambia kwamba tukiweka presha kando kwa muda, kuna kitu kingine kinachozitenganisha ndege hizi mbili, nacho kina uzito kuliko presha. 340A ina tabo (turbocharger). 310R ile haina.

Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Katika hewa sanifu inayotumika kwenye vitabu vya ndege, joto la kimo hicho ni nyuzi 4 tu za Selsiasi. Adhuhuri ya Februari, Wilson inafika nyuzi 25 au zaidi bila shida. Hewa ya moto ni nyepesi, na ukipiga hesabu unakuta bawa, rafadha (propela) na injini vinafanya kazi kama vile uwanja uko karibu futi 8,000. Sasa fungua kitabu cha 310R, ukurasa wa kuruka kwa injini moja. Ikiwa na uzito kamili, injini moja imezimika na nyingine inavuta kwa nguvu zote, kimo cha mwisho ambacho ndege bado inaweza kupanda kwa futi 50 kwa dakika ni kama futi 7,400. Yaani adhuhuri hiyo, ukiwa umeshiba mafuta na watu, uko juu ya kikomo hicho hata kabla magurudumu hayajaachana na lami. Injini ikikufia baada ya kuruka, ile iliyobaki haikupandishi. Inakuchagulia tu mahali pa kushukia, na kuuzunguka uwanja huo kuna nyumba, barabara na Mbuga ya Nairobi.

Muuzaji akisema "injini mbili ni usalama", muulize ni usalama katika kimo kipi. Kwa injini zisizo na tabo jibu ni la pwani. Nyanda za juu zina jibu lake.

Tabo inaibadilisha hesabu hiyo kwa sababu inaisukumia injini hewa iliyobanwa, nguvu zake zisipungue kadiri unavyopanda. Cessna walitengeneza 310R ya aina mbili, ya kawaida na T310R yenye tabo. Kikomo cha injini moja cha T310R kinapita futi 15,000, na cha 340A pia. Milima ya Ngong ina kilele cha mita 2,460, karibu futi 8,100. Nyanda za Mau zinakaribia futi 10,000. Ukiwa na tabo, injini moja inakuvusha hapo. Bila tabo, ukiwa mzito, inakushusha polepole kuelekea kwenye vilima hivyohivyo.

Kwa hiyo 310R ikaondolewa mezani siku ya kwanza, na mahali pake tukaweka T310R, ambayo mnunuzi hakuwa ameifikiria. Hapo ndipo swali lake la presha lilipoanza kuwa swali la kweli: ndege mbili zenye tabo, moja inakushindilia hewa kabini, nyingine inakupa chupa ya oksijeni na mipira ya puani.

Presha katika ndege ndogo za namna hii haina ajabu. Sehemu ya hewa inayobanwa na tabo inachepushwa, inapozwa, inaingizwa kabini, na nyuma kuna vali inayoiachia itoke kwa kipimo. Rubani anaweka kimo anachotaka kabini ikae, vali inafanya mengine. Bodi ya 340A inahimili tofauti ya pauni 4.2 kwa inchi ya mraba kati ya ndani na nje. Matangazo ya zamani yalipenda kusema kwamba kwa futi 20,000 abiria wanajiona wako futi 8,000, na ni kweli. Lakini huyu bwana haendi futi 20,000. Tukapiga hesabu ya vimo vyake mwenyewe. Kwa tofauti ya 4.2, kabini inaweza kubaki kwenye futi 5,500, yaani kimo cha Wilson penyewe, hadi ndege ifike kama futi 16,500. Ukiruka Wilson ukaenda futi 14,000 kisha ukarudi, mwili wako kwa habari ya hewa haujaondoka Nairobi. Ungeweza hata kuishusha kabini chini ya hapo, kwa sababu kwa futi 14,000 mashine ina uwezo wa kuiweka karibu futi 3,700.

Uwezo huo una mtego wake, na marubani wanaotoka kwenye ndege zisizo na presha huusahau. Ukiondoka Malindi, karibu na usawa wa bahari, na kidude cha presha ukakiacha kwenye kimo cha Malindi, unakuja kutua Wilson kabini ikiwa bado imejaa hewa ya pwani. Tofauti yake ni kama pauni 2.7 kwa kila inchi ya mraba ya mlango. Usiruhusu mtu yeyote aushike mlango huo kabla hewa haijatolewa. Kabini ipandishwe njiani, taratibu, ifike kimo cha Wilson kabla ya magurudumu.

Turudi kwenye safari zake.

Malindi kwanza, karibu maili 230 za baharini. Ukitoka Wilson kuelekea kusini-mashariki ardhi inaporomoka mbele yako, na ndege zinazoelekea mashariki hupewa vimo vya maelfu ya witiri: 9,000, 11,000, 13,000. Siku yenye mwanga mzuri, futi 9,000 inatosha. Hapo sheria haikudai oksijeni, na hewa ni nyembamba kidogo tu kuliko kabini ya ndege kubwa ya abiria, ambayo huruhusiwa kufika futi 8,000. Nilimwambia waziwazi kwamba kwa Malindi peke yake hahitaji presha. Anachokosa ni raha. Kwa futi 9,000 mchana unarushwarushwa na joto linalopanda kutoka Tsavo, na kushuka kutoka huko hadi baharini kunasumbua masikio ya watoto. Ndani ya 340A ndege inaweza kwenda futi 13,000 au 15,000 penye utulivu, halafu kabini ishuke kwa futi 5,500 tu, kutoka kimo cha Wilson hadi baharini, taratibu, wakati ndege yenyewe inashuka kwa kasi.

Na mama? Nilimwomba bwana ampigie daktari wa mapafu anayemtibu mama, asinisikilize mimi. Lakini jambo moja ni la fizikia. Oksijeni ya puani inaziba upungufu wa oksijeni, ila haizuii hewa iliyonaswa mwilini isitanuke. Kwa futi 12,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 64 ya lile la ufukweni, na kifuko chochote cha hewa mwilini kinataka kuwa kikubwa zaidi ya mara moja na nusu. Mapafu yenye mifuko dhaifu hayapendi hivyo. Kwa futi 5,500 shinikizo ni kama asilimia 82. Daktari alijibu kwa kifupi: ikiwezekana mama asipite futi 8,000, na oksijeni iwepo vyovyote iwavyo. T310R haiwezi kumwahidi hilo siku ya mawingu, wakati waongozaji wa ndege wanapompa rubani futi 11,000. 340A inaweza.

Kulikuwa na kitu kingine kuhusu mama ambacho hakimo katika kitabu chochote cha utendaji wa ndege. Mlango wa 310 uko juu ya bawa la kulia. Abiria anakanyaga kidaraja, anapanda bawani, anainama, anajiingiza kwa mgongo. Mlango wa 340 uko nyuma kushoto, unafunguka kuwa ngazi. Bwana aliposimama kando ya 310 pale Wilson na kuitazama ile hatua ya kwanza, akasema, "Mama yangu hapandi hapo hata umwite kwa harusi." Hiyo nayo niliihesabu, tena kwa uzito.

Kigali ndiyo safari iliyopima presha kweli. Ni karibu maili 400 za baharini, unaelekea magharibi, kwa hiyo vimo ni vya maelfu ya shufwa. Penye mawingu juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, futi 10,000 hazikupi nafasi. Unachukua 12,000 au 14,000. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, katika Kiambatisho namba 6 viko wazi: kati ya takribani futi 10,000 na 13,000, ukikaa zaidi ya dakika 30, lazima kuwe na oksijeni ya rubani na wahudumu wote wa ndege na asilimia 10 ya abiria kwa muda unaozidi hapo. Juu ya 13,000 ni kila mtu, muda wote. Safari ya Kigali ni saa mbili na kidogo. Katika T310R, kwa futi 14,000, kila pua ina mpira wake, chupa inajazwa kila baada ya safari chache, na watu wanashuka na kichwa kizito kwenda kwenye mkutano. Inawezekana, wengi wanaishi hivyo miaka yote. Rubani kijana mwenye afya na mzigo nyuma yake hahitaji zaidi. Mfanyabiashara anayelipa pesa hizi ili afike akiwa na akili yake ana haki ya kutaka zaidi.

Bwana alikuwa na wazo kwamba presha ingemvusha juu ya mvua za Ziwa Victoria. Hilo nilimkatalia. Mawingu ya radi ya ziwani, ambayo hupenda kukomaa usiku na alfajiri, yanapita futi 40,000. Hakuna ndege ya petroli inayoyaruka. Presha inakupa kimo ambacho unaona minara hiyo kwa mbali na kuizunguka, badala ya kuitafuta ukiwa ndani ya ukungu wa chini. Ni faida, lakini si ile aliyoitarajia.

Maasai Mara tuliiondoa kwenye hesabu. Viwanja vya murramu vina mawe, na mawe yanakula rafadha. Ndege za abiria za Cessna Caravan zinaondoka Wilson kwenda Mara kila siku. Wageni wanunuliwe viti huko.

Uzito sasa. Hapa watu hudhani presha inakula mzigo, kwa kuwa bodi yenye presha ni nzito. Kwa jozi hii haikuwa hivyo. Uzito wa juu wa kuruka wa 340A ni pauni 5,990, karibu kilo 2,717. Ile tuliyoitazama, tupu, karatasi yake ya mizani ilikuwa kama kilo 1,960. Zinabaki kilo 757. T310R inaruka na kilo 2,495 na tupu ilikuwa kama 1,740. Zinabaki 755. Sawa kabisa, kwa sababu waundaji waliongeza bawa na uzito ulioruhusiwa. Lakini ukiipeleka 340A Kigali na mafuta ya kwenda na kurudi, maana petroli ya ndege si kitu cha kubahatisha mbali na Nairobi, unahitaji kama lita 640 pamoja na akiba. Hizo ni zaidi ya kilo 460. Waliobaki ni rubani, abiria wawili na mabegi. Viti sita ni vya Malindi. Kigali ni viti vitatu, na asiyekubali hilo anunue ndege nyingine, au atafute ya tabini inayokunywa mafuta ya jeti na awe tayari kwa bei yake.

Tulipofika kwenye gharama za karakana, presha ilianza kudai chake. Injini za tabo za ndege hizi mbili hufunguliwa na kuundwa upya zikifika saa 1,400. Za 310R ya kawaida ni 1,700. Tangu mwaka 2000 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ina agizo la lazima la ukaguzi wa ekzosi za Cessna za tabo zenye injini mbili, T310R na 340A zote zimo, kwa sababu bomba likipasuka moto wake unaelekea kwenye mabomba ya mafuta na bawa. Hadi hapo wanalingana. 340A inaongeza mipira ya mlango, vioo vinavyochoka kwa kuvutwa na kuachiwa, mabomba ya hewa yanayokauka, na vali ya nyuma ambayo katika ndege za umri huu mara nyingi imeganda kwa lami ya sigara za abiria wa miaka ya sabini na themanini. 340A ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1984. Unanunua kitu cha zaidi ya miaka 40, na kila tundu dogo lina bei.

Ukaguzi wa kabla ya kununua ulifanyika asubuhi kwenye kituo cha ndege. Fundi alikaa ndani na rubani, injini zikapandishwa mzunguko, kabini ikaanza kujaa. Fundi wa pili nje, mbali na rafadha, alikuwa na sponji na ndoo ya maji ya sabuni, akipaka kwenye kingo za mlango wa nyuma na madirisha ya upande huo. Chini ya bawaba ya mlango povu lilifura kama maandazi mafutani. Penye kona ya dirisha la tatu ukasikika mluzi. Geji ya ndani haikufika hata pauni 3. Ekzosi ya kulia ilipofunuliwa ikaonyesha ufa kwenye kiungo. Muuzaji alisema ni mambo madogo. Kila moja kwa peke yake ni dogo, kweli, ila ndege ya presha isiyoshika presha ni T310R nzito yenye bei ya 340A. Bwana akaiacha.

340A ya pili ilipatikana baada ya miezi, ghali zaidi, ikashika 4.2 bila kelele. Hiyo ndiyo aliyonunua, na nadhani alifanya sawa. Kama mama asingekuwepo, na kama Kigali ingekuwa safari ya nadra, ningemshikilia T310R kwa mikono miwili.

Masharti niliyomwandikia rubani yalikuwa machache. Kimo cha kawaida kisizidi futi 16,000, ingawa kitabu kinaruhusu karibu 30,000. Kwa futi 14,000 presha ikipotea, una muda wa kuvaa mpira na kushuka bila haraka. Kwa 25,000 una dakika tatu hadi tano za akili timamu, na hata hizo unazitumia ukijiona uko sawa. Tarehe 4 Septemba 2000 ndege moja ya presha aina ya King Air iliondoka Perth, Australia, ikapita kituo chake ikiwa imeshikwa na rubani wa mashine, ikaruka kama saa tano na kuanguka karibu na Burketown, Queensland, watu wote wanane wakafa. Wachunguzi waliona kwamba yaelekea ukosefu wa oksijeni ndio uliowalaza. Kwa hiyo taa ya onyo ya kabini peke yake haitoshi: iwekwe na kengele, na rubani avae kipimo cha oksijeni cha kidoleni, ambacho kinauzwa katika maduka ya dawa. Wakati wa kushuka asivute gesi zote nyuma kwa mkupuo, maana hewa ya kabini inatoka kwenye tabo hizohizo. Ukizilaza, kabini inapanda huku ndege inashuka, na masikio ya mama yatakwambia kabla ya geji.

Ile 310R ya bei nzuri haikukaa sana. Ilichukuliwa na mtu wa Mombasa anayeruka Malindi, Lamu na Tanga, kandokando ya bahari, bila mlima mbele yake. Huko, hata kwa nyuzi 32, hewa ni ya kama futi 2,000, na injini yake moja ina maelfu ya futi za kupanda.